Rangi ya Viatu vya Baba

Kazi yangu ni kupaka viatu rangi. Sisemi kung'arisha, maana wang'arishaji wako wengi pale stendi, wanakaa na brashi na kopo la dawa wakisubiri mtu ashuke kwenye basi na vumbi lake. Mimi nabadilisha. Unaniletea kiatu kilichopauka kama mguu wa mtu aliyetembea kwenye majivu, nakurudishia kikiwa cheusi, au bluu ya usiku, au damu ya mzee, vyovyote unavyotaka. Kibanda changu kiko Majengo, nimekiegemeza kwenye ukuta wa duka la nafaka, na mwenye duka amenizoea mpaka wateja wake wakikosa chenji anawatuma kwangu.

Shule niliishia kidato cha nne, matokeo yakaja yalivyokuja. Kushona soli nilifundishwa na fundi mmoja wa hapo hapo Majengo, na mambo ya rangi nikajifunza mwenyewe kwenye simu, nikiharibu viatu vyangu kwanza kabla ya kuharibu vya watu. Rangi nzuri naagiza Tabora, inakuja na treni. Nina ndoto zangu pia. Nataka duka lenye kioo mbele, na taa ndogo juu ya kila kiatu, na kiti cha kuzunguka ili mteja ajione kila upande. Rangi ya mlango nimeshaichagua. Watu nikiwaeleza wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini rangi ya mlango haijabadilika.

Huku kwetu mtu hanunui kiatu kipya kama cha zamani bado kina soli. Ikifika misimu ya harusi na kipaimara, foleni inakuwa ndefu. Kuna mwalimu mmoja wa kike, viatu vyake vya kuchuchumia nimevipaka mara nne, vyeupe, vya bluu, vyekundu, sasa hivi vyeusi, na walimu wenzake wanaamini ana jozi nne. Ananiambia nisije nikafungua mdomo. Sifungui. Mimi naona raha tu anavyopita barabarani na jozi yake moja anawatingishia watu vichwa.

Baba hakuwa anaipenda hii kazi. Alikuwa anasema mtoto wa kiume kupaka viatu rangi hakuna tofauti na binti anayepaka kucha. Hakusema kwa ukali, alikuwa anasema huku anakula, kama mtu anayezungumzia mvua. Yeye alikuwa mtu wa jembe. Ujana wake aliumalizia Inyonga, akilima tumbaku na kaka yake, ambaye kwangu ni baba mkubwa, halafu akaja Mpanda akapata kiwanja Misunkumilo, akajenga, akawa analima mahindi nyuma ya nyumba. Hakutaka nilime. Alitaka niwe mwalimu au tabibu. Nikawa mpaka rangi.

Viatu vya kuvaa alikuwa na jozi moja. Vya kahawia, vya kamba, ngozi yenyewe, alivinunua zamani siku walipolipwa tumbaku yeye na kaka yake. Vilikuwa vya kanisani na vya vikao. Jumamosi mchana alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango anavifuta mwenyewe, na hapo hata mama hakuwa anamsemesha. Lakini miaka ilivyoenda ngozi ilipauka, na kisigino cha kulia kililika upande wa nje, kwa sababu alikuwa anatembea akiulalia mguu ule. Mimi fundi nilikuwa naviona kila Jumapili, mikono inaniwasha, nanyamaza. Angenipa mwenyewe ndiyo ingekuwa kitu.

Alinipa akiwa amelazwa.

Ilikuwa mchana, mama ametoka nyuma ya wodi kufua. Baba akaniita nisogee, akaniuliza kama vile viatu vyake naweza kuvifanya vyeusi. Nikamwambia naweza. Akauliza vitafanana na vipya? Nikamwambia nitavifanya mwenyewe usivijue.

"Basi visijulikane," akasema. "Na mama yako usimwambie. Siku nikitoka nataka anione pale getini, aseme huyu mwanaume kanunua viatu lini."

Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatisha. Mimi nilitoka wodini pale natembea kama nimepandishwa cheo. Nilifika nyumbani, nikavitoa chini ya kitanda chao, nikavitia kwenye mfuko wa rambo, nikaenda navyo Majengo.

Sijawahi kufanya kazi kama ile. Dawa ya zamani niliitoa na spiriti mpaka kitambaa kikawa hakichafuki. Nikapiga msasa laini, ule ambao ukiupitisha mkononi hausikii kitu. Nikajaza magazeti ndani kiatu kikae sawa. Rangi sikupaka kwa brashi, nilikata kipande cha godoro nikawa nagusa, nagusa, nyembamba, naacha ikauke kivulini, maana jua la Mpanda likiipata rangi mbichi inapasuka kama tope la bwawani. Mara sita. Kisigino kilicholika nikakitoa nikaweka kingine. Soli nikashona upya. Ndani nikabandika ngozi ya chini mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imeingia alama ya vidole vyake vyote vitano, na niliona haipendezi. Kamba nikanunua mpya. Nilikuwa nafanya huku naimba. Mwenye duka la nafaka akaniuliza ni viatu vya mheshimiwa gani hivyo, nikamwambia vya mheshimiwa mwenyewe.

Siku tatu zilikwisha. Ya nne asubuhi nilikuwa navipitishia brashi ya mwisho, simu ya mama ikaingia. Nikasema haloo. Nikasikia sauti za wodi tu, na kikapu cha mtu kinaburuzwa sakafuni.

Sisi marehemu hatumziki na viatu. Baba alivalishwa suti na soksi. Vile viatu nikavifunga kwenye gazeti nikaviweka kwenye sanduku la kibandani, nikafunga kufuli, nikaenda kuzika.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Siku za msiba zote sikumwambia mtu kuhusu viatu. Mwanzo ni kwa sababu kila mtu alikuwa analia, na kumwendea mama na habari za viatu niliona ni aibu. Lakini zilipopita siku chache nikawa sisemi kwa sababu nyingine. Nilikuwa navitaka. Nilijiambia wazee watagawana mashati, redio, baiskeli, viatu watasahau. Nibaki navyo. Ndiyo kazi pekee aliyowahi kunituma. Siku hizi mteja akiniletea viatu vya mgonjwa, namuuliza nani mwingine nyumbani anajua, na asiponijibu sivipokei. Wakati ule sikuwa na akili hiyo.

Siku ya kuanua tanga kwetu, nguo za marehemu zinatandazwa zote kwenye mkeka uani, watu wanakaa pembeni, na watani ndio wanaosimamia mgawo. Mjane anakaa upande wake na kanga kichwani, na yeye ndiye anayetakiwa kutoa kila kitu ndani. Kikikosekana kitu anaulizwa yeye. Na akishasemwa kwamba ameficha, basi. Neno hilo halifutiki. Ndugu wa mume wanaanza kuiangalia nyumba kwa macho mengine, wanasema mwanamke wa namna hii atauza hata mabati. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna mama alisemwa ameuza koti la marehemu mumewe, na kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa alikuwa ameshapakiwa kwenye pikipiki kurudishwa kwao. Mama alikuwa analijua hilo. Wiki nzima alikuwa anahesabu nguo za baba, mpaka leso; viatu hakuvichungulia, alijua viko chini ya kitanda.

Baba mkubwa alikuja toka Inyonga na ndoo ya asali na kandambili miguuni. Nimtendee haki. Alimlilia mdogo wake kuliko mtu yeyote pale, na ule msiba chakula chake kikubwa alikileta yeye. Mgawo ulipoanza alisema mashati wapeni vijana, suti ameenda nayo, mimi sitaki kingine, nipeni vile viatu. Tulivinunua siku moja, vyangu viliisha zamani, vyake ndivyo vilivyobaki.

Mtani wetu alikuwa mama mmoja mnene anayekaanga samaki sokoni, mdomo wake unajulikana mji mzima. Alikuwa ameshawachekesha watu vya kutosha. Shati lilipoinuliwa alisema angalieni kola, huyu bwana alikuwa mchoyo hata jasho lake hakuliacha liende. Sasa akamgeukia mama, akamwambia viatu.

Mama akaingia ndani. Alikaa huko muda. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, na kanga imemteleza kichwani hajui.

"Kumbe kaondoka navyo," mtani akasema. "Nani ana jembe, twende tukamvue."

Watu wakacheka. Akaendelea kwamba labda yule kijana fundi kavipeleka Majengo, saa hizi vinacheza muziki miguuni kwa mtu. Wakacheka zaidi. Ndivyo watani walivyo, na ndiyo kazi yao, msiba usiwe mzito. Lakini baba mkubwa hakucheka.

"Shemeji, viatu viko wapi?"

Mama akamjibu vilikuwa chini ya kitanda.

"Sijakuuliza vilikuwa wapi."

Nikasimama. Nikasema ninavyo mimi, viko kibandani, navileta sasa hivi. Nikapanda bodaboda, njia nzima namwambia dereva aongeze, na moyoni, nisidanganye, kulikuwa na furaha kidogo. Nilikuwa nafikiri watakavyovishangaa. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nitawaambia baba alinituma, watavishika, watasema kumbe kijana ana mkono.

Nikafika, nikafungua gazeti, nikaviweka katikati ya mkeka. Vilikuwa vinang'aa mpaka matawi ya mpera yanaonekana kwenye ncha.

Baba mkubwa akachukua kimoja, akakigeuza, akaangalia soli, akaangalia kisigino, akatia mkono ndani.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya baba, baba mkubwa. Alinituma nivipake rangi."

"Mimi ndiye niliyeenda naye kuvinunua. Vilikuwa brauni. Kisigino kimoja kimeliwa. Nakuuliza vya ndugu yangu, wewe unaniletea mitumba ya wateja wako?"

Nikaeleza. Nikasema kisigino nilikibadilisha. Soli nayo nilishona upya. Ngozi ya ndani niliitoa. Kamba nilinunua. Kila nilichokisema kilikuwa kweli, na kila kimoja kikitoka mdomoni nakisikia kama uongo wa mtoto aliyekula nyama. Wakaniuliza alinituma lini, nikasema akiwa hospitali. Mbele ya nani? Sikuwa na mtu. Na wiki zote hizi ulikuwa kimya kwa nini? Hapo nikainama nikawa nazinyoosha kamba.

"Soli mpya, kisigino kipya, kamba mpya, rangi mpya," mtani akahesabu kwa vidole. "Sasa mtani wangu, cha marehemu hapo kimebaki nini? Harufu, na yenyewe umeifua."

Watu wakaangua kicheko, na siwezi kumlaumu, maana alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimeambiwa visijulikane. Nilivifanya visijulikane.

Nikamtazama mama. Nikajua yeye atavijua, amevisogeza chini ya kile kitanda wakati wa kufagia maisha yake yote ya ndoa. Akavuta kimoja, akakiweka kwenye mapaja. Akapitisha kidole kwenye mshono. Akachungulia ndani pale palipokuwa na vidole vya baba. Halafu akainua macho akaniangalia mimi, na yale macho sikuyapenda.

"Sivijui," akasema.

Mama yangu hajui kusema uongo, hata wa kujiokoa.

Baba mkubwa akavuta pumzi. Akamuuliza taratibu, bila kupandisha sauti, kwamba basi vile vya kweli amevipeleka wapi. Kwao? Shangazi mmoja kule nyuma akaitikia mmh. Neno likawa limetoka, limetua pale mkekani pamoja na mashati. Mama alikuwa bado ameshika kiatu.

Nikaingia ndani, ninakoweka akiba ya vifaa, nikatoka na chupa ya spiriti, kitambaa na msasa. Nikamnyang'anya mama kile kiatu, ndiyo, nilimnyang'anya, nikachuchumaa mbele ya baba mkubwa nikaanza kusugua kwenye ncha, pale pazuri kuliko pote. Kitambaa kikatoka cheusi. Nikakigeuza. Kikatoka cheusi tena. Rangi ile niliifanya isitoke, na ilikuwa haitoki. Nikachukua msasa. Watu walikuwa wamesimama kunizunguka, na mimi nakwangua kazi yangu mwenyewe, tabaka la sita, la tano, la nne, naomba Mungu itoke upesi. Mwisho pakaonekana doa la kahawia, dogo kama punje ya hindi. Nikaendelea mpaka likawa kama kiganja cha mtoto.

Baba mkubwa akachuchumaa. Akaweka kidole gumba pale akakiacha.

"Ndivyo," akasema.

Nikafikiri sasa atageuka. Sasa atamwambia mama neno. Watu wote walikuwa wanasikiliza, na neno moja tu toka kwake lingetosha kulirudisha lile la kwanza. Akakitoa kidole chake kwenye ngozi, akanirudishia kiatu.

"Toa yote."

Nikamwomba. Nikamwambia baba mkubwa, ngozi itaharibika, acha nipazibe hapa tu, navimaliza sasa hivi, unaondoka navyo ni vizuri kuliko vya dukani. Nikamwambia baba mwenyewe ndiye aliyetaka vyeusi.

"Mimi na mdogo wangu hatukununua vyeusi. Toa."

Basi nikatoa. Chakula kikapakuliwa, watu wakanawa wakala, wakaanza kuzungumza habari za mbolea na za basi. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango na viatu magotini, nasugua. Mtani alinipitishia sahani ya wali, akaniambia kwa sauti ya chini mtani usininunie, mimi sikujua. Nikamwambia sijanuna. Kile cha kulia kilitoka vibaya kuliko cha kushoto. Nyeusi ilikuwa imeingia ndani kwenye mikunjo haitoki, na pale nilipokwangua sana ngozi ikafumuka manyoya. Havikuwa vya kahawia wala vyeusi. Vilikuwa kama mgongo wa punda mzee.

Baba mkubwa akavivaa hivyo hivyo, bila soksi. Vilimbana, akakanyaga ngozi ya nyuma ya kisigino mpaka ikalala, akasema vitajitanua. Kandambili zake akatia kwenye ndoo tupu ya asali. Alipomaliza kuaga wazee akamfikia mama, akampa mkono.

"Haya shemeji, tumemaliza."

Hiyo ndiyo radhi aliyoombwa mama yangu. Yule shangazi wa mmh hata hiyo hakuitoa. Na nyie mnaosema basi yameisha, viatu vimeonekana, mimi najua hayajaisha, kwa sababu mpaka leo watu wa upande wa baba wakija kutusalimia wanaweka mikoba yao magotini, hawaiachi chini.

Watu walipokwisha, mama alikaa nyuma ya nyumba anasugua sufuria za msiba kwa majivu. Nikakaa naye, nikachukua moja nikawa nasugua. Hakuniangalia. Baada ya muda akauliza kwa nini sikumwambia.

Nikamwambia yote. Kwamba baba alikataza. Kwamba alitaka siku ya kutoka wodini mama amwone pale getini, amuulize viatu kanunua lini.

Mama akaacha kusugua.

"Alisema mimi ndiye nimwone?"

"Ndiyo mama."

Akaweka mikono yake ya majivu juu ya sufuria. Halafu akasema kwamba pale mkekani alivishika, lakini hakuangalia uzuri wake. Alikuwa anatafuta kosa tu. Alikuwa anaviangalia kama vitu vya mwizi, na mwizi ni mimi. Akaniomba nimweleze vilikuwaje.

Nikaanza. Nikamweleza weusi wake, kwamba haukuwa ule mweusi wa mkaa, ulikuwa na ubluu kwa mbali ukisimama juani. Nikamweleza kamba, nyembamba, zilizopakwa nta. Nikamweleza kisigino jinsi kilivyosimama sawa, kwamba baba angetembea wima kama kijana. Nilikuwa namweleza kama ninavyomweleza mteja, na mikono yangu inaonyesha. Nilikuwa sijafika kwenye mshono akaniambia inatosha.